Kamba za Shoto

Mara moja kwa mwaka nyumba yangu ya Rahaleo hunuka vibaya mno, na wajukuu zangu hukimbilia kwa jirani. Siku hiyo huwa nimekishusha chombo changu, jahazi dogo la kuchongwa, kutoka juu ya kabati, nimekitandikia gunia sebuleni, na ninakipaka sifa. Kwa asiyejua, sifa ni mafuta yanayotoka kwenye maini ya papa. Mafundi wa pwani huyapaka kwenye mbao za vyombo ili maji ya chumvi yasizile. Aliyeyapa mafuta yale jina la sifa sijui alikuwa akimtania nani, maana harufu yake hukaa puani siku tatu. Mkwe wangu, mtu wa Songea, mwaka wa kwanza aliniuliza kwa adabu zote kama kuna kitu kimefia darini.

Mimi lakini nikiisikia harufu hiyo narudi Mikindani, ua wa nyuma wa nyumba yetu. Nina miaka kumi. Mkono wangu wa kushoto umefungwa kiunoni kwa utepe wa kanga, na bibi yangu ndiye aliyeufunga.

Niwaeleze kwanza habari ya utepe. Nilizaliwa mashoto. Kijiko, kalamu, jiwe la kumtupia kunguru, vyote viliukimbilia mkono wa kushoto kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Bibi, mama yake baba, hilo hakulivumilia hata kidogo. Tangu nilipoanza chuo cha Kurani alichana kanga kuukuu, akawa kila asubuhi ananifunga mkono ule kiunoni na kunifungua jioni. Hakuwa mkali kwa mambo mengine. Aliniita "mke mwenzangu", kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kipande kikubwa cha samaki kilikuwa changu kila siku. Kwenye mkono tu ndipo alipokuwa hasikii la mtu.

Bibi alikuwa msokota kamba. Maisha yake yote alisokota kamba za makumbi, zile nyuzi za maganda ya nazi yaliyofukiwa kwenye matope hadi yakalainika. Alizisokotea pajani, kiganja kikienda na kurudi, na paja lake la kulia lilikuwa limeota sugu kama kisigino. Manahodha wa Mikindani walimjua. Walimwambia chombo fulani kinataka kamba fulani, naye alijua urefu wake bila kupima. Babu yangu, Mfaume, alikuwa mmoja wa manahodha hao. Alikuwa na jahazi lake, Tawakali, akileta boriti za mikoko kutoka mdomo wa Ruvuma. Baba akiwa bado ananyonya, Tawakali lilikwenda kuleta boriti na halikurudi. Haukuonekana hata ubao. Picha ya Babu haikuwapo, maana nani angempiga picha nahodha wa boriti siku zile?

Miaka michache baada ya Uhuru macho ya Bibi yakaanza kufunga. Yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na habari ya kupasuliwa hakutaka kuisikia. Siku moja baada ya chakula alimwambia Baba, "Issa, wewe fundi. Nichongee chombo cha babaako, kidogo, lakini kiwe chenyewe hasa. Nataka nikione kabla sijafunga macho haya. Uso wake umeshaanza kunitoka. Nikikiona chombo, huenda nikamwona na yeye amekaa."

Baba alikuwa seremala wa vitanda, makabati na madawati ya shule. Jahazi hakuwahi kuchonga. Lakini mama yake alikuwa hajawahi kumwomba kitu, kwa hiyo kesho yake alianza.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kulijenga jahazi kutokana na kamba zake. Bibi hakukumbuka urefu wa mlingoti, ila alikumbuka urefu wa henza, ile kamba ya kupandishia tanga, na Baba akaigawa akaupata mlingoti. Alikumbuka kamba ya nanga, na kamba ya kukifunga chombo ufukweni, na ya kushikia tanga upepo ukibadilika. Baba aliandika kila kitu kwa penseli kwenye ubao wa kabati. Walikubaliana kwamba kila dhiraa moja ya chombo kile iwe wanda mmoja, yaani upana wa kidole. Ikazuka hoja ya kidole cha nani. Baba alipima kwa chake, na Mama akacheka jikoni: "Kwa vidole vya Baba Somoe, hicho chombo hakitatoka mlangoni." Wakajaribu changu, likawa jahazi la panya. Mwishowe wakatumia kidole cha Bibi, na Baba akakata kijiti cha upana ule, akawa anakitia nyuma ya sikio anapofanya kazi.

Ilimchukua miezi minne. Alitumia vipande vya mvule vilivyobaki kwenye kazi za watu, akavichonga kwa tezo ndogo aliyojitengenezea mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya swala alimpelekea Bibi, na Bibi alikishika na kukisogeza karibu na macho, akakosoa. Tezi, ule upande wa nyuma, ni nene mno. Usukani uko chini sana. Siku ya tanga walikaribia kugombana, kwa sababu Bibi alitaka liwe na kiraka cheusi cha kaniki upande wa chini.

"Mama, chombo kipya kina kiraka?"

"Kipya kwako. Kiraka hicho nimekishona mimi kwa kaniki yangu."

Kiraka kikashonwa. Lakini wakati huo macho ya Bibi yalikuwa yanakwenda mbio kuliko tezo ya Baba. Mwezi wa kwanza aliuona mkuku, ule uti wa chini. Mwezi wa tatu alikuwa akiuliza kama tanga limeshawekwa, nalo liko mbele ya pua yake. Sote tuliliona jambo hilo na hakuna aliyelitaja. Baba alianza kwenda kazini amechelewa, kwa ajili ya kuchonga alfajiri.

Zikabaki kamba. Zilikuwa kumi na moja. Kwanza Baba alinunua uzi wa nyavu dukani, mweupe, mzuri, akazifunga zote kwa ustadi. Bibi alikuwa sasa anaona mwanga tu, akapitisha vidole. "Siyo," akasema. Baba akakubali, uzi wa dukani haukuwapo enzi zile. Akamwendea mama mmoja jirani, msokota kamba naye, akamsokotea kamba za makumbi nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Akazifunga upya. Bibi akapitisha vidole, polepole, kamba baada ya kamba, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Siyo."

"Siyo nini, Mama? Urefu?"

"Urefu ndio."

"Unene?"

"Unene ndio."

"Basi siyo nini?"

Bibi akageuza uso ukutani. Baba akamwuliza tena na tena, akamwuliza kwa upole, kisha upole ukamwishia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti. "Mama, wewe chombo hukitaki. Unamtaka baba. Na baba mimi siwezi kumchonga."

Alikichukua chombo akakiweka pembeni mwa ua, akakifunika gunia. Siku zilizofuata watu walikula kimya. Nilimwonea huruma Baba, maana nilimwona ameinama kwenye kabati la mtu na kile kijiti bado kiko nyuma ya sikio. Nilimwonea huruma Bibi pia, lakini kwa hasira kidogo, kama mtoto anavyomwonea huruma mtu mzima anayedeka.

Niliambiwa nisikiguse. Bila shaka mnajua kilichofuata. Adhuhuri moja, Mama amekwenda kisimani, Baba yuko kazini na Bibi amelala, niliutoa mkono kwenye utepe (nilishajua namna ya kuuchomoa na kuurudisha bila fundo kufunguka), nikalifunua gunia. Nilipakia korosho ishirini, nikampandisha abiria, mwanasesere wangu wa gunzi la mhindi, nikavuta tanga ili tusafiri. Henza ilikuwa imenasa. Nikavuta kwa nguvu, ikakatika.

Nilikaa chini nikautazama ule mkia wa kamba mkononi mwangu. Kumwambia Baba sikuweza, kwa jinsi alivyokuwa. Fungu la makumbi la Bibi lilikuwa pale pale chini ya kitanda cha kamba, nami nilikuwa nimemtazama akisokota maisha yangu yote. Nilijaribu pajani kwa mkono wa kulia kama alivyokuwa akifanya yeye. Ukatoka uzi wenye mafundo, ovyo kabisa. Alasiri inakaribia. Nikahamia paja la kushoto, kwa mkono wa kushoto, na uzi ukaenda wenyewe, mwembamba, umekaza, sikuamini macho yangu. Nikaufunga mlingotini, nikautia mkono wangu kwenye utepe, nikafunika gunia. Nilipokwenda chuoni jioni nilisoma kwa sauti kuliko watoto wote.

Wiki ile ile bwana mmoja wa forodhani, aliyekuwa akihamishwa kurudi kwao Bukoba, alikiona chombo alipokuja kuchukua kiti chake, akakisifu sana. Baba akamwambia, "Chukua, bwana. Hapa hakina kazi." Walikubaliana aje kukichukua Ijumaa.

Alhamisi Baba akakipaka sifa, maana hakuweza kutoa kazi isiyokamilika hata kwa hasira. Harufu ikajaa ua, ikaingia ndani. Bibi alikuwa chumbani mwake. Tukasikia fimbo yake ukumbini, kisha akatokea mlangoni, ameshika ukuta, pua imeinuka.

"Nani anapaka sifa?"

"Mimi, Mama. Kesho kinaondoka."

Aliomba aletwe. Mama akamketisha kwenye kigoda mbele ya chombo. Alikuwa akivuta pumzi tu, na nikaona kwamba harufu ile iliyotufanya sisi tuzibe pua, yeye alikuwa akiinywa. Kisha akaanza kukiaga kwa vidole. Akapita ubavuni, akapita kwenye kiraka chake, akaenda kwenye kamba. Ya kwanza akaipita. Ya pili akaipita. Nilihesabu moyoni nikijua henza ni ya tano, na mkojo ukawa unanibana.

Kwenye ya tano vidole vikasimama. Vikapanda juu, vikashuka, vikapanda tena.

"Nani kasokota hii?"

"Zote za fungu moja, Mama," Baba akasema. "Za yule jirani."

"Sikuuliza fungu. Nauliza mkono."

Baba hakuelewa. Mimi nilielewa kwamba nimekwisha. Nilikuwa na makosa mawili, la kukata kamba na la kutumia mkono wa haramu, na sikujua nitapigwa kwa lipi kwanza. Nikamtazama Mama, Mama akanitazama, na nadhani alijua pale pale.

"Mimi, Bibi," nikasema. "Ilikatika. Nilikuwa napakia korosho."

Bibi akanyoosha kiganja mbele yake, hewani, hajui niliposimama.

"Njoo. Lete mkono."

Nikampa wa kulia, kama nilivyofundishwa, na kwa vile ndio tu uliokuwa nje. Akaupapasa, akauachia.

"Huo mwingine, mke mwenzangu."

Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniomba mkono huo. Niliuchomoa kwenye utepe nikampa. Aliushika kwa mikono yake miwili, akapapasa kiganja pale makumbi yaliponichuna, kidole kimoja kimoja. Kisha akalitafuta fundo kiunoni mwangu, akalifungua. Alikuwa analia, machozi yanatoka kwenye macho yale meupe bila yeye kuyafuta.

"Issa," akasema, "babaako alikuwa mashoto."

Baba alikuwa bado ameshika kitambaa cha sifa. "Miaka yote hii, Mama?"

Ndipo akatueleza. Babu alifanya kila kitu kwa kushoto, na kamba alizosokota yeye zilizunguka kinyume na za watu wengine wote. Za mkewe hakuzitaka chomboni, alisema zinamgomea mkononi. Kwa hiyo mke ni msokota kamba anayejulikana mji mzima, na mume wake nahodha anajisokotea mwenyewe, tena kwa shoto, na wanawake kisimani wakamcheka Bibi mpaka akachoka. Walipojaribu kuunganisha kamba yake na ya mumewe, ikifungwa hii ile inafumuka. "Kamba zenu kwenye chombo hiki nilizijua siku ya kwanza," alimwambia Baba. "Zote zimekwenda kulia. Lakini ningesemaje? Huyu mtoto nimemfunga mkono miaka minne."

Baba alichukua kisu chake akazikata zile kamba kumi, moja moja, akabakiza yangu. Yule bwana wa forodhani alipokuja Ijumaa akapewa meza ndogo ya mninga, akaenda nayo Bukoba ameridhika kabisa.

Kamba kumi nilizisokota mimi, kwa siku nane. Bibi alikaa kando yangu akinitayarishia nyuzi, na kila nilipomaliza moja aliipitisha vidoleni akasema, "Kaza hapa," au hakusema kitu, na hapo nilijua imekuwa. Siku ya mwisho Baba alizifunga zote, akamwekea mama yake chombo mapajani. Bibi alikipapasa kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi. Alipofika tezi akakaza kiganja pale nyuma, kwenye kibao cha mshika usukani.

"Ndipo alipokuwa amekaa," akasema. "Ndiye huyu."

Akaniambia mimi, si Baba, habari ya siku ile ya mwisho. Wanawake walikuwa wamesimama ufukweni kuwaaga waume zao. Tawakali lilipokwisha kugeuka, Babu alisimama tezini akampungia mkewe mkono, na mkono aliompungia ulikuwa wa kushoto, mbele ya kadamnasi. Wanawake wakaangua kicheko. Bibi alikuwa kijana bado, na aibu ikamshika, akajifunika kanga usoni. Hakupunga. Alidhani atamsema akirudi.

Niliyafikiria hayo kwa uzito wa miaka yangu kumi. "Kwa hiyo, Bibi, Babu hakuwa na adabu?"

Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikajiona mjanja sana kwa kumchekesha.

Utepe haukufungwa tena. Bibi mwenyewe alishika fimbo akaenda kwa maalimu kumweleza kwamba mkono wa mjukuu wake usiguswe. Mimi akaniambia nile kwa mkono wa kulia, kwa Mungu na kwa watu, ila kazi nifanyie niutakao. Kabla ya mwaka kwisha hata mwanga aliacha kuuona. Hakulalamika. Kila asubuhi chombo kiliwekwa karibu na kitanda chake, naye aliamka akakigusa tezi.

Alifariki nikiwa msichana wa miaka kumi na saba. Siku zake za mwisho nyumba ilijaa watu waliokuja kumuaga, na kila mmoja alimpa mkono wa kulia na kumwomba radhi. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, nikasema shikamoo, nikampa wa kulia kama watu wengine, maana mbele za watu nilikuwa nimeshajifunza heshima zangu. Alikuwa hasemi tangu jana yake. Akaupapasa, akausukuma.

"Huo mwingine."

Nikampa. Akaufumbata, akaanza kuuinua pamoja na wake, na mikono yake haikuwa na nguvu. Mama alidhani anataka kugeuzwa, akasogea na mto. Nilimzuia. Kwa miaka saba nilikuwa nimeichukulia hadithi ile ya ufukweni kuwa hadithi ya adabu. Sasa nilimwona mwanamke aliyekuwa na salamu moja ambayo hakuijibu, akaibeba mpaka nywele zikawa nyeupe, na nikajua kwamba alichokuwa akikifunga kwa utepe ule kila asubuhi ni ule mkono uliompungia. Alikuwa akiuelekeza mkono wangu kule mlangoni, kiganja kikitazama nje, akiusogeza polepole huku na huku.

Ulikuwa chini mno. Nikaunyanyua juu zaidi, kwa nguvu zangu na zake, ili uonekane kutoka mbali.